Kila Mutu na Mbele Yake

Watu wa mtaa wa Mapendo husema Emerance ana roho ngumu. Waseme. Mtu aliyelazimika kuomba ruhusa asubuhi na jioni ili atoke kwenye ardhi yake mwenyewe, huyo mkimdai roho laini mnamdai nini tena?

Kabla volkano haijalipuka, mwanzoni mwa mwaka 2002, Emerance alikuwa na parseli yake, kiwanja cha nyumba, kama wengine wa avenyu ile. Mume wake aliinunua akiwa hai, na mbele yake ilitazama barabara. Hapo ndipo mjane huyo alipoweka meza ya maharage na mafuta ya mawese, na wateja walimjua. Jirani wa mkono wa kulia alikuwa Habarurema, mtu wa Rutshuru kama yeye, mwenye shati safi na maneno laini. Kati yao palikuwa na ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe ambayo hakuna mbuzi anayeila. Hapakuwa na ugomvi. Walisalimiana na kuazimana chumvi.

Lava ikashuka, na mji mzima ukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mama yake Emerance, bibi Mukashyaka, alianguka njiani akavunjika nyonga, ikawabidi wabaki kwa ndugu mpaka aweze kubebwa. Habarurema hakuwa na mgonjwa wa kumchelewesha. Alirudi jiwe likiwa bado na joto, soli za viatu zikinuka, akasimamisha nguzo zake mahali alipopenda.

Emerance aliporudi hakukuta nyumba, wala ua, wala meza. Vyote vilikuwa chini ya jiwe jeusi. Alichokikuta ni duka jipya la mbao, limesimama palepale ambapo moyo wake ulimwambia ni mbele kwake. Habarurema akamshika mkono kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa.

"Mama Emerance, huzuni imekuchanganya kichwa. Parseli ya kwako ilikuwaka kule nyuma. Mbele ni ya kwangu, toka mwanzo."

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na maofisa wao walikunywa bia ndani ya duka hilohilo. Nani angemshtaki, na kwa nani? Shefu wa avenyu, muzee Kakule, Mnande aliyejaliwa busara nyingi na woga wa kutosha, alikuna kichwa akasema mambo ya mipaka yangoje serikali. Majirani wakatazama chini. Emerance akajenga kibanda cha mbao nyuma, na kufika barabarani akawa hana njia ila kupitia mlango wa uzio wa Habarurema.

Mlango huo ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mwenyewe. Kila asubuhi Emerance alisimama pale na beseni kichwani, akaita "Mwaramutse, Papa Habarurema," kisha akangoja. Mara bwana anapiga mswaki. Mara anatafuta ufunguo, na shada zima la funguo liko kiunoni pake, linasikika likilia. Mara anamtazama tu, anatabasamu, anarudi ndani kumalizia chai. Na siku mlango ukifunguliwa, yule anayefunguliwa lazima ashukuru.

Haya yote Emerance angeyameza. Mjane hufundishwa kumeza. Lakini mvua za mwisho wa mwaka uleule zikamchukua bibi Mukashyaka. Wanaume wakabeba jeneza mpaka mlangoni, waimbaji wa parokia wakiwa nyuma yao, na Habarurema akasimama mbele yao ameikunja mikono.

"Maiti haipite mbele ya biashara," akasema. "Batu watakimbia duka. Mutafute njia ingine."

Njia nyingine haikuwepo, na yeye ndiye aliyejua zaidi ya wote. Muzee Kakule alimsihi. Annonciata, mke wa Habarurema, alimpigia magoti akilia, akasukumwa ndani. Mwishowe jeneza likapitishwa juu ya ukuta wa mawe kule nyuma, likisukumwa kwa mabega kama gunia la magendo. Juu ya ukuta likainama, na watu wote waliokuwa pale wakausikia mwili ukiteleza ndani ya mbao.

Emerance aliisikia sauti hiyo, na haikumtoka tena. Palepale ukutani aliapa: mtu huyu atasema kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya avenyu nzima, kwamba mbele ile ni ya Emerance. Kisha ataomba njia. Hasira hasara, ndugu zake walimwambia baadaye, wakimwona hali wala hasemi. Ni hasara kwa mwenye pupa. Yeye hakuwa na pupa.

Sasa lazima nieleze salongo, kwa maana bila salongo Habarurema angekuwa bado anakunywa chai yake.

Avenyu ile ikawa jiwe tupu, na jiwe halinywi maji. Mvua za Septemba zikikosa pa kupita huingia vyumbani, na nyuma ya maji huja kipindupindu. Kwa hiyo kiangazi kikielekea mwisho, Jumamosi za mwezi wa nane, maduka hufungwa, filimbi ya shefu hulia, na kila mtu hutoka na nyundo na mtaimbo kukata mfereji. Sheria yake ni moja na watoto wanaijua: kila mutu na mbele yake. Mwenye parseli inayogusa barabara hukata kipande kinacholingana na mbele yake, yeye na watu wa nyumbani kwake. Kibarua hakubaliwi. Anayekaa nyuma hakati, hupikia wanaokata. Shefu hupita na kopo la chokaa akipiga alama nyeupe juu ya jiwe, pale kipande cha mtu kinapoanzia na pale kinapoishia.

Na lava si udongo. Unaipiga, inaurudisha mtaimbo mpaka meno yanauma. Mtu mwenye nguvu anakata asubuhi nzima, na jioni akitazama alichokata anaona aibu.

Mwaka uliofuata waasi walikuwa wameanza kugawana viti na serikali ya Kinshasa, na maofisa hawakuonekana tena sana dukani. Salongo ikaitwa. Emerance angeweza kupika kibandani kwake kama wanawake wengine wa nyuma. Badala yake alibeba jiko na sufuria ya maharage, akaomba mlango kama kawaida, akaenda kuketi ukingoni mwa mfereji, mbele ya duka, chini ya mwavuli. Wengine walidhani anatafuta baridi.

Alikuwa anamngoja Habarurema. Mtu yule alikuwa na mbele mbili za kukata, ile ya haki na ile ya wizi, na mikono yake ilizoea kupima sukari. Jumamosi mbili alikata ya haki, akilalamika. Ya tatu akafika penye duka. Jua lilikuwa limepanda, viganja vyake vimetoka malengelenge, na shati safi limegeuka rangi ya majivu.

"Papa Habarurema, pole," Emerance akamwambia, akikoroga maharage. "Inabaki kidogo tu."

"Hii ni kidogo?"

"Eh, mbele kubwa ni baraka. Sisi wa nyuma tunakaa tu. Mi naona hata ulinitendea vizuri vile ulinipatia nyuma. Tazama mikono yangu."

Akamwinulia viganja vyake, vikavu na vizima. Waliokuwa karibu wakacheka. Hawakumcheka yeye Emerance.

Mchoyo hawezi kuona mtu amepumzika kwenye mali yake. Habarurema aliutupa mtaimbo chini, akamwita shefu kwa sauti ambayo avenyu yote iliisikia.

"Muzee Kakule, huyu mama anakaa sababu gani? Kipande ya kwangu iliishia pale. Hii haiko ya kwangu."

"Iko ya nani?" muzee Kakule akauliza polepole.

"Si ya kwake? Parseli yake njo iko nyuma ya hapa. Mi nilitiaka tu duka. Akate mbele yake."

Wenceslas, mchomeaji vyuma wa upande wa pili wa barabara, alibaki ameshika nyundo hewani. Wengine pia waliacha kupiga. Muzee Kakule alikuwa mwoga, lakini mjinga hakuwa, na maofisa walikuwa wameondoka. Akauliza tena, safari hii akiwatazama watu badala ya kumtazama Habarurema.

"Unasema mbele hii ni ya Mama Emerance?"

"Ya Mama Emerance. Mara ngapi nitasema?"

Emerance aliinamia sufuria ili uso wake usionekane. Alijua furaha ikimponyoka sasa kila kitu kitaharibika, basi akatafuta sauti ya kilio.

"Mimi mujane nitavunja jiwe na nguvu gani, muzee?"

"Utavunja," Habarurema akamjibu kabla ya shefu. "Kila mutu na mbele yake."

"Kama avenyu njo inasema vile," akasema Emerance, "mi sitakatala."

Muzee Kakule akachukua kopo lake la chokaa. Akapiga alama moja mwanzo wa duka na nyingine mwisho wake, akatangaza: toka hapa mpaka hapa, Mama Emerance. Akauliza kama wote wamesikia. Wote wakaitika kwamba wamesikia.

Jioni ile Habarurema alimwambia mkewe kwamba wamepata punda wa bure. Annonciata hakucheka. Alimwambia kwamba maneno aliyoyasema barabarani si mazuri, ayarudishe kabla hayajakauka. Akajibiwa kwamba wanawake hawajui mambo ya parseli.

Emerance akakata. Mwezi wa nane ule, na wa mwaka uliofuata, na wa mwaka mwingine tena. Viganja vilipasuka, vikapona, vikapasuka upya, mpaka vikawa na ngozi ya kisigino. Wenceslas alikuja siku moja kumpokea mtaimbo, kwa huruma tu, akafukuzwa kama mwizi. Kila pigo alilipiga akimfikiria mtu mmoja, na sitaficha, lilikuwa tamu kwake. Wengine husali ili wapate amani. Yeye alipata amani yake pale, akiwa ameinama, vipande vya jiwe vikimruka usoni. Mfereji wake ukawa umenyooka kuliko yote ya avenyu. Kila msimu shefu alipita, akaongeza chokaa juu ya chokaa, akatangaza jina lake.

Habarurema naye alizidi kunenepa akili. Alikuja mfanyabiashara wa Butembo, kijana anayeitwa Prodige, akitafuta mahali pa kujenga ghala la matofali. Habarurema akamwuzia mbele yake mwenyewe, ile ya haki, aliyorithi kwa baba yake. Alifanya hesabu hivi: duka liko mbele, nyumba iko nyuma ya ghala, njia ya kutokea iko ubavuni mwa duka. Mbele mbili za nini wakati moja inatosha? Emerance aliposikia kwamba ukuta wa Prodige umepanda kutoka upande hadi upande bila mlango wa nyuma, alijipakulia sahani iliyojaa, akaimaliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Siku za mwizi ni arobaini. Zake zilitimia mwaka 2005, mwishoni mwa kiangazi, walipokuja wapimaji wa serikali na mikanda yao, kupima upya parseli zilizofunikwa na lava. Kiongozi wao alikuwa kijana mpole aliyetokwa na jasho sana. Aliwakusanya wenye avenyu barabarani, akawauliza swali moja: alama za zamani ziko chini ya jiwe, sasa nyinyi mnajuaje mbele ya mtu inapoishia?

Hakuna aliyehitaji kufikiri. Wenceslas alimwonyesha mfereji.

"Tunafwata rigoli. Kila mutu anakataka mbele yake. Chokaa ile ya shefu njo mupaka."

Mpimaji akafurahi, maana kazi yake ilikuwa imefanywa na watu wenyewe. Akaanza kupima kutoka alama hadi alama, wenye mbele wakijibu majina yao, mpaka akafika penye duka.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwangu," Habarurema akasema. Alikuwa amevaa shati jipya.

"Nani anakata mfereji wa hapa?"

Hapo ndipo Habarurema alipoliona shimo, na mguu ulikuwa umeshaingia. Alimtazama Emerance. Emerance alikuwa amesimama kando ya alama yake nyeupe, mikono nyuma.

"Muzee Kakule," akasema Habarurema, "unajua vile ilikuwa. Ilikuwa tu maneno ya kazi."

Muzee Kakule alikuwa na deni la aibu tangu siku ya jeneza, na leo alipata pa kulilipia. Alizungumza bila haraka. Kama mbele hii ni ya Habarurema, basi kwa misimu mitatu amemfanya mjane akate jiwe lake, naye amekimbia salongo huku wenzake wakitoka damu, na avenyu haijapata kumsamehe mkimbiaji wa salongo. Kama ni ya Emerance, basi hakuna kosa la salongo. Achague mwenyewe. Watu walisogea karibu. Wengine walikuwa bado na mitaimbo mikononi, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

"Mi sitaki muzee aseme kwa nafasi yake," Emerance akamwambia mpimaji. Sauti yake ilitetemeka kidogo, akaiacha itetemeke. "Nataka yeye aseme."

Habarurema alitazama duka, akatazama ukuta wa Prodige uliomfungia upande wa pili, akatazama mitaimbo.

"Ni ya Mama Emerance," akasema.

"Toka lini?"

"Toka mwanzo."

Mpimaji akapigilia chuma chake kwenye jiwe, akaenda kwa mwingine. Emerance alihisi kitu kikimlegea kifuani, kitu kilichokuwa kimekaza tangu siku ya ukuta, akaketi palepale kwenye ukingo wa mfereji. Furaha yake ilikuwa kubwa na haikuwa na huruma hata chembe.

Duka la mbao halina mizizi. Alasiri ileile wanaume waliingia ndani, wakashika mihimili, wakahesabu pamoja, na duka likatembea likiwa na miguu mingi kuelekea nyuma, kwenye ua wa Habarurema, ambapo hakuna mteja angeliona. Makopo ya nyanya yalidondoka njiani. Prodige alitoka ghalani kutazama, akarudi ndani haraka kabla hajaombwa mlango.

Hapo muzee Kakule akakumbusha sheria nyingine, ambayo enzi za maofisa hakuikumbuka: anayekaa nyuma hafungiwi, lazima apewe pa kupita. Alitazamia kwamba Emerance atakataa. Emerance alikubali mara moja. Tayari alikuwa amemwita Jean-Bosco, seremala, na nguzo zimeshapangwa na kuegemezwa kwa mawe kando ya ukuta wa ghala.

"Upana gani, mama?" Jean-Bosco akauliza.

"Mupime yeye. Mabega."

Jean-Bosco alidhani ni mzaha. Aliponyanyua uso akaona si mzaha, akampima Habarurema mabega mbele za watu, akaongeza vidole viwili kwa ajili ya shati, akasogeza nguzo. Njia ikatokea nyembamba na ndefu, kati ya matofali na mbao. Mtu mzima angeipita akinyooka. Wawili wasingepishana.

"Mama Emerance," muzee Kakule akasema chini chini, "njia ya batu inapitishaka pia kitanda, inapitisha gunia. Na siku ingine..." Hakumaliza. Kila aliyekuwa pale alijua hiyo siku nyingine ni ipi, na kwamba watu wanne wakibeba kitu mabegani hawatapita pale kamwe.

"Sheria inasema apite," akajibu Emerance. "Anapita."

Habarurema alielewa mwisho kuliko wote. Uso ulimshuka. Akamsogelea jirani yake na kofia mkononi.

"Mama Emerance, minakuomba. Uongeze kidogo. Nilikosa."

Basi, ameomba. Miaka yote ile alikuwa amejitayarishia maneno ya siku hii, maneno makali, akiyanoa kila mwezi wa nane. Sasa hakuyahitaji. Alimtazama vizuri, akayaonja maombi yale, akayakuta ni matamu kama alivyotumaini.

"Nimesikia," akasema. "Njia iko. Pita."

Jean-Bosco akatia misumari mdomoni, akainua ubao wa kwanza. Ndipo Annonciata akatokea kutoka nyuma, vumbi la unga wa duka likiwa kwenye kitenge chake. Alisimama kati ya nguzo na ukuta, akanyoosha mikono yote miwili. Viwiko havikuweza kunyooka.

"Mama Emerance," akasema. Hakulia wala hakulaumu. "Na mimi niko naishi kule nyuma. Siku ya kwangu, mutanipitisha wapi?"

Emerance aliitazama nguzo. Alikuwa amefikiri kila kitu, chokaa, mtaimbo, ghala, mabega, lakini Annonciata hakuwa amemweka popote katika hesabu yake. Huyu ndiye aliyepiga magoti siku ile. Huyu ndiye aliyesukumwa. Emerance akaona vibaya, akaona vibaya kweli. Nguzo ilikuwa bado haijakazwa. Kuisogeza kwa urefu wa mkono ni kazi ya dakika moja. Lakini njia ikimtosha Annonciata itamtosha na mumewe.

Jean-Bosco alingoja na ubao wake, akimtazama muzee Kakule, na muzee Kakule alitazama chini kama alivyozoea.

"Utoke pale, dada," Emerance akamwambia Annonciata, taratibu, "ubao usikuumize."

Annonciata akatoka. Emerance akamgeukia seremala.

"Pigilia."

Jean-Bosco akapigilia.